Pazia la Bafu Si Stara

Wapenzi wa lugha na washairi wenzangu, mada ya leo huenda ikawachekesha. Nataka kusema juu ya pazia la bafu. Najua tumezoea kujadiliana habari za vina na mizani, ngeli na unyambulishaji, na si kila siku mtu anathubutu kuwaita wajuzi wa lugha waje wachungulie bafuni. Naomba mnivumilie. Mwaka jana, katikati ya kiangazi, nilikwenda kwetu Mugeta, wilayani Bunda, mkoani Mara, nikamkuta mama yangu amefungwa bandeji kifundo cha mkono. Nilipokifuatilia chanzo cha jeraha lile nikakuta ni neno. Lilikuwa neno moja, tulilolitamka sote wawili kwa ufasaha, kila mmoja akiwa na maana yake.

Mkasa ulianza hivi. Miezi kadhaa kabla ya safari hiyo mama alinipigia simu. Baada ya salamu na habari za mvua, akaniambia, “Baba, pazia la bafu limechakaa. Ukipata nafasi niletee jingine.” Mama huniita baba, kama wazazi wengi wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume. Mimi naishi Mwanza, na siku ile ile nikapita dukani. Muuzaji akanionyesha mapazia ya bafu ya kila rangi. Nikachagua lililonipendeza: la plastiki, jeupe linalopenyeza nuru, limechorwa samaki wa buluu, lina upana wa sentimita 180 na urefu kama huo, matundu 12 na pete zake 12. Nikalituma kwa basi. Mama akapokea, akashukuru, akaniombea dua. Nikajihesabu kuwa mwana mwema.

Sasa niwaeleze bafu lenyewe, maana ndipo penye kisa. Bafu la mama liko uani, nyuma ya nyumba. Pande tatu zimezungushiwa mabati yaliyopigiliwa kwenye nguzo za miti. Halina paa. Chini yamepangwa mawe bapa, na maji ya kuogea hufuata kijifereji hadi kwenye shina la mpapai. Humo hamna bomba wala manyunyu. Mtu huingia na ndoo yake, kata yake, sabuni na dodoki. Upande wa nne uko wazi, nao unatazama jiko na njia ya miguu wanayopita majirani wakienda kuteka maji. Upande huo ndio uliokuwa na kile mama alichokiita pazia. Kwa miaka mingi lilikuwa kanga kuukuu mbili zilizoshonwa pamoja, zikiwa zimeshikizwa chini kwa mti mzito ili upepo usizipeperushe.

Samaki wangu wa buluu walipotundikwa pale, mambo matatu yalitokea. La kwanza, plastiki ni nyepesi kuliko kanga mbili zenye mti. Upepo wa mchana uliponyanyuka, pazia lilinyanyuka nao. La pili, ni jeupe linalopenyeza nuru. Mtu akioga usiku na kuweka taa ya sola ndani, umbo lake lote huchorwa juu ya plastiki kama picha ya sinema, na aliye jikoni hana haja ya kuchungulia. La tatu ni tabia ya mama yangu. Hakusema. Mwanawe ameleta zawadi kutoka mjini, angeanzaje kuilalamikia? Basi akaacha kuoga mchana kwa sababu ya upepo, akaacha kuwasha taa usiku kwa sababu ya kivuli, akawa anaoga gizani, baada ya watu kulala. Wilaya yetu inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na habari za tembo kuingia mashambani au fisi kulia nyuma ya boma si ngano za kutishia watoto. Mwanamke wa miaka zaidi ya sabini alikuwa akitoka peke yake katika giza hilo, amebeba ndoo ya maji ya vuguvugu. Usiku mmoja akakanyaga jiwe lenye utelezi, akaanguka, mkono ukateguka.

Haya yote sikuyapata kwake. Nilisimuliwa na mpwa wangu wa miaka tisa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba ananieleza bei ya sukari: “Bibi haogi mchana, mjomba. Samaki wanaruka.”

Tangu siku hiyo nimelitafakari neno pazia la bafu kwa makini kuliko maneno mengi niliyowahi kuyatungia mashairi. Na hoja yangu katika makala haya ni hii: tumeupa mtajo mmoja kazi mbili zisizofanana, na kwa kutozitenganisha katika lugha tumeshindwa kuzitenganisha katika ujenzi. Kazi moja ni kuzuia maji. Kazi nyingine ni kusitiri mtu.

Litazameni pazia la bafu la mjini. Mahali pake ni ndani ya chumba chenye kuta nne, dari, mlango na komeo. Mtu ameshasitirika kabla hajaligusa. Pazia lile halimkingi yeye na macho. Linaikinga sakafu na maji. Linazuia manyunyu yasilowanishe choo kilicho pembeni, taulo na nguo zilizotundikwa mlangoni. Ama la Mugeta, maji si adui yake hata kidogo, maana mpapai unayangoja. Adui yake ni macho. Mama aliomba kitu cha kumsitiri; mimi nikampelekea kitu cha kuzuia maji. Na lau mtu angetuuliza, sote tungeapa kwamba tumeelewana.

Tena hata hiyo kazi yake ya mjini, pazia la plastiki haliifanyi vizuri. Kila aliyelala katika nyumba za wageni analijua. Umefungulia maji, umejipaka sabuni mwili mzima, ghafla pazia linakujia, baridi kama ngozi ya kambare, linakung’ang’ania mgongoni. Unalisukuma, linarudi. Si wewe tu. Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, David Schmidt, alilichunguza jambo hili kwa hesabu za kompyuta, akaona kwamba manyunyu yanapoanguka huizungusha hewa na kuunda kitu kama kisulisuli kilicholala ubavu. Katikati ya kisulisuli hicho kani ya hewa hupungua, na pazia huvutwa kwa ndani. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Ig Nobel ya fizikia, tuzo inayotolewa kwa utafiti unaowachekesha watu kwanza na kuwafikirisha baadaye. Nayo ilitolewa kwa maelezo ya sehemu tu ya tatizo. Hata sayansi imekiri kwamba pazia hili lina ukorofi usioisha kuelezwa.

Baada ya kukung’ang’ania, linavujisha. Ukilivuta kulia, maji yanatoka kushoto. Likiwa fupi, sakafu inafurika. Likiwa refu, upindo wake unalala ndani ya maji machafu hadi unaota utando wa waridi na weusi. Utando huo nao una wenyewe: mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa viumbe vidogo walivyovikuta katika mapazia ya bafu, na wakakuta jamii nzima za bakteria zimejenga makazi humo. Kisha kuna pete. Moja ikikatika, yenzake inabeba uzito wa mbili, nayo inakatika, na mwisho wake bomba zima linakuangukia kichwani, nawe una povu machoni. Nimewahi kukaa katika chumba cha kupanga ambako nililiinua bomba la pazia mara nyingi kuliko nilivyofungua kitabu.

Basi tuna chombo ambacho mjini hakizuii maji sawasawa na kijijini hakisitiri kabisa, lakini jina lake linasimama imara pande zote mbili. Hapa ndipo lugha inapoingia.

Tulisikilize neno lenyewe. Pazia katika Kiswahili ni kitu kinachofunguliwa. Hiyo ndiyo sifa yake ya asili. Watangazaji wa mpira husema pazia la ligi limefunguliwa. Waandishi wa habari hupenda kutueleza yaliyo nyuma ya pazia, na wakisema hivyo tunajua kwamba yatafichuliwa. Jukwaani pazia hufungwa ili lije kufunguliwa. Katika matumizi yetu yote, pazia ni ahadi ya kufunuliwa. Sasa mtu anayeoga anahitaji ahadi hiyo ya nini?

Kinyume chake litazameni neno stara, au sitara kama tunavyoliandika tunapotafuta mizani. Limetujia kutoka Kiarabu, likaenea hadi likawa letu kabisa. Tunamwombea mtu, “Mungu akusitiri.” Anayeishi kwa kipato kidogo bila kuombaomba, tunasema amejisitiri. Mtu akijenga kijumba cha vyumba viwili, kwa unyenyekevu hukiita mahali pa kujisitiri. Na mmoja wetu anapofariki, tunasema tunakwenda kumsitiri. Neno hili linamfuata binadamu tangu nepi hadi sanda. Halina maana ya kuficha kitu kibaya; lina maana ya kulinda heshima ya kitu kizuri. Na daima linadai uthabiti. Stara ya leo na kesho hakuna, stara ya upepo ukitulia hakuna. Wahenga walilisema hilo walipotuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Tatizo la nguo ya kuazima si ufupi wake. Ni kwamba mwenyewe anaweza kuidai wakati wowote. Pazia la mama yangu lilikuwa nguo ya kuazima, na mwenye kulidai alikuwa upepo.

Msomaji atauliza: je, jina tu lingebadilisha nini? Namjibu kwa mfano wa jirani yetu. Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, ni wilaya ya jirani na Bunda. Mwalimu alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, hakuandika mfanyabiashara. Tafsiri iliyotoka mwaka 1969 inaitwa Mabepari wa Venisi. Kwa neno moja tu alishatoa hukumu kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Tunaweza kukubaliana naye au kumpinga, lakini alitufundisha kwamba kukipa kitu jina ni kusema kinatenda nini na kinamtenda nani. Nasi tulipokiita kizuizi cha mlango wa bafu pazia, tulitoa hukumu bila kujua: tulisema kwamba stara ya aogaye ni jambo la kutundika na kutundua, la urembo na rangi, la kununuliwa dukani kwa mita. Lau tungekiita kisitiri, hata mimi dukani ningejiuliza: je, hiki kinasitiri?

Na kwa hakika watu wa eneo letu hawakuwa wageni wa elimu hii. Nendeni Lamu, mji wa kale ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Katika majumba yake ya mawe, mgeni hapiti moja kwa moja kutoka mtaani hadi kiwandani, yaani uani. Anapita daka, anaingia tekani, na njia inapinda. Hata mlango ukiachwa wazi, jicho la mpita njia linaishia ukutani. Heshima ya waliomo ndani haikuachiwa kitambaa peke yake; ilijengwa kwa mawe na chokaa, kwa kona. Chooni mlikuwa na birika la maji ya kuogea, na ndani ya birika wakafugwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Angalieni tofauti: samaki wao walikuwa na kazi, samaki wangu walikuwa picha. Unguja nako, Hamamni iliyojengwa enzi za Sayyid Barghash, aliyetawala kati ya mwaka 1870 na 1888, ilikuwa nyumba ya kuogea ya watu wote, na kuta zake nene bado zimesimama ingawa maji yalikwisha kukauka.

Asidhani mtu kwamba nawataka wanakijiji wajenge majumba ya kisultani. Mfano wa bei nafuu uko Zimbabwe. Katika miaka ya 1970, maabara ya utafiti iliyoitwa Blair ilibuni choo cha shimo chenye bomba la hewa, na moja ya sifa zake ni ukuta unaojizungusha kama nyumba ya konokono. Hakina mlango. Mtu anaingia kwa kuufuata ukuta, anapinda, na akishapinda hakuna jicho linalomfikia. Ukuta huo uliwekwa hivyo ili ndani pawe na giza na nzi wavutwe na mwanga wa bomba, ambako hunaswa na wavu. Lakini pamoja na kuwashinda nzi ulishinda pia bawaba, komeo, mbao zinazooza, na pazia.

Hicho ndicho nilichomwomba fundi wa kwetu. Nilimchorea ardhini kwa kijiti herufi G. Akatazama, akacheka, akasema, “Mwalimu, hii mbona ndiyo kona ya zizi?” Kweli ilikuwa hivyo. Pembeni mwa upande ule ulio wazi akainua ukuta mfupi uliopinda, kimo cha mtu mrefu, ukapishana na mabati kwa kiasi cha hatua moja na nusu, ukiacha kichochoro cha sentimita 70 cha kupita mtu na ndoo yake. Matofali ya kuchoma hayakufika mia tatu. Sakafu tukaiondoa mawe, tukamwaga zege lililokwaruzwa kwa ufagio ili lisiteleze, likainama sentimita mbili kwa kila mita kuelekea kwenye mpapai. Ukutani tukapachika kipande cha bomba la chuma cha kushikilia. Pazia likawa halina mahali pa kutundikwa, kwa kuwa halikuwa na kazi tena.

Najua pingamizi zitakazokuja, na ni za haki.

La kwanza: si kila mtu ana matofali. Kweli. Lakini kona si lazima iwe ya matofali. Inaweza kuwa ya matete, ya mabanzi, ya mkonge uliopandwa kwa safu, au ya minyaa, ingawa ya minyaa ipandwe mbali kidogo kwa sababu utomvu wake unaumiza macho. Kinachositiri si ughali wa kitu, ni kupinda kwa njia. Na kama hata hicho hakipo, basi irudi kanga, lakini kanga nzito, za rangi iliyoiva, zilizoshonwa mbili, zenye mti upindoni, kama mama alivyojua kabla mwanawe hajajifanya mjuzi.

La pili: mpangaji wa mjini hajengi ukuta katika nyumba ya mwenye nyumba. Nakubali pia. Kwake yeye tatizo ni maji, si macho, kwa hiyo atafute kizuia maji kilicho bora. Kioo kinapendeza, ila ni ghali, na maji yenye chumvi hukiachia mabaka meupe yanayotaka kusuguliwa kila wiki. Ukuta nusu, wa kimo cha kiuno, uliowekewa vigae, unazuia maji mengi na haung’ang’anii mgongo wa mtu. Lililo rahisi kuliko yote ni sakafu yenye mwinamo mzuri na shimo la kutolea maji mahali pake; bafu likijengwa hivyo, maji yakiruka yanarudi yenyewe, na kizuizi hakihitajiki. Na kama hana budi kubaki na plastiki, basi achague nzito, aifunge vidude vya uzito kwenye upindo, aianike ikunjuliwe kila baada ya kuoga, na kuioshea sabuni kila mara. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini hawakusema uyaoge huku ukipigana mieleka na plastiki.

La tatu ndilo linalonihusu zaidi kama mtu wa lugha: wako watakaosema kwamba neno pazia la bafu limekwisha kuenea, na lugha ni ya wasemaji. Sina nia ya kulifuta. Naomba tuligawie wenzake. Kitambaa au plastiki inayotundikwa kwa pete iendelee kuwa pazia. Kitu chochote kinachozuia maji, kiwe kioo, ukuta nusu au plastiki hiyo hiyo, kiitwe kingamaji, kwa jinsi tulivyokwisha kuwa na kingamwili. Na chochote kinachomkinga aogaye na macho kiitwe kisitiri. Ki- ya chombo, na sitiri ya asili. Hakuna aliyelelewa katika Kiswahili atakayehitaji kamusi ili aelewe. Fundi akiulizwa, “Kisitiri kiko wapi?” atajua kwamba anaulizwa habari ya heshima ya mtu. Akiulizwa, “Kingamaji kiko wapi?” atajua kwamba anaulizwa habari ya sakafu. Na mwana atakayepigiwa simu na mama yake, akisikia, “Baba, kisitiri cha bafu kimechakaa,” hatapita kwenye duka la mapazia. Atapanda basi akapaone.

Maana kosa langu halikuwa la msamiati peke yake. Nililijua bafu lile. Nimeogea humo utoto wangu wote, nikikimbizwa na dodoki. Lakini nilipolisikia neno, picha iliyonijia ilikuwa ya bafu langu la Mwanza. Neno lilinisafirisha kutoka kwa mama hadi kwangu, na sikuona kwamba nimeondoka. Hilo ndilo linalonitisha katika kazi yetu ya lugha. Tunapolikosa neno kabisa, angalau tunasita na kuuliza. Tunapokuwa nalo moja kwa vitu viwili, hatuulizi. Sisi washairi tunaweza kupigana mwezi mzima juu ya kina cha kati kilicholegea, na wakati huo huo mtu wa nyumbani kwetu akaomba ukuta kwa jina la pazia, tusimsikie.

Nilipokuwa nikimsubiri fundi, jioni moja nilikaa chini ya mpapai nikatunga beti tatu. Nimeziweka katika sauti ya mama, ingawa yeye mwenyewe asingesema kwa ukali hivyo. Hayo ndiyo maneno ambayo nilistahili kuambiwa.

Pazia la mlangoni, limechoka si sitara,
Upepo toka ziwani, huligeuza bendera,
Mama aoge gizani, mchana kwake hasara,
Nijengeeni ukuta, pazia halisitiri.

Lazuia nini maji, na udongo wayataka?
Urembo siuhitaji, wala pete za kushika,
Macho ya wanakijiji, ndiyo niliyoyachoka,
Nijengeeni ukuta, pazia halisitiri.

Tazameni na maneno, neno moja kazi mbili,
Mwana kasikia neno, haja hakuisaili,
Nikauguza mkono, kwa giza lisilojali,
Nijengeeni ukuta, pazia halisitiri.

Nilimsomea mama beti hizi. Alisikiliza hadi mwisho, mkono wake mzima ukiwa umeushika ule ulioteguka. Kisha akasema, “Ni nzuri, baba. Ila mimi sikuomba ukuta. Niliomba pazia.” Nikataka kumweleza, nikanyamaza. Alikuwa na haki. Katika msamiati aliopewa, hakukuwa na neno jingine la kuomba.

Plastiki ya samaki haikutupwa. Mama ameitandaza juu ya tuta la miche ya mboga ili kuku wasiiparue, na huko inafanya kazi vizuri sana. Siku ya kuondoka kwangu, saa kumi jioni, jua bado liko juu na watu wakipita na ndoo zao njiani, nilimwona akichukua ndoo yake na kata yake, akaufuata ukuta, akapinda, akatoweka. Hakuangalia nyuma. Alikaa huko muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa bafuni, hadi basi langu likakaribia kuniacha.